Hakohoi, kwa hiyo hapaliwi?

Wiki iliyopita nimeisikia tena hapa Moshi: "Huyu hapaliwi, mbona hakohoi?" Mama anayesema hivyo kampakata mwanawe wa miaka mitatu mwenye mtindio wa ubongo, kamlaza chali mapajani, kidevu juu, anammiminia uji mwepesi kwa kikombe. Mtoto kimya. Macho yanalengalenga machozi, na akilia sauti inakoroma kama ana maji kooni. Nimonia kashaugua mara mbili tangu mvua zianze.

Ukimya huo ndio unaonitisha. Kukohoa ni kinga. Wapo watoto wengi wenye mtindio wa ubongo ambao koo lao halihisi sawasawa. Uji unaingia njia ya hewa na hawakohoi hata kidogo. Sikiliza sauti baada ya kula. Tazama macho, pumzi, homa za kila mara, kifua kisichopona. Mlo ukizidi nusu saa, hiyo nayo ni dalili.

Halafu huku kulaza chali! Jaribu mwenyewe: tazama dari, umeze mate. Umeona kazi yake? Mkalishe, nyonga zikunjwe, miguu ikanyage kitu, kichwa kiinamie mbele kidogo. Kama kiti maalumu hakuna, beseni lililojazwa khanga zilizokunjwa linatosha kuanzia. Kijiko kitokee chini ya usawa wa mdomo, chakula kidogo, kisha usubiri ameze. Subiri, jamani, ndipo umpe kingine.

Uji mwepesi unateleza kweli, na shida ni hiyo: unafika kooni mtoto hajajiandaa. Mtori uliopondwa ukawa laini na mzito, au parachichi, wengi huumudu vizuri zaidi. Ila apimwe kwanza, maana wapo ambao kizito hubaki kooni.

Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kukatwa na fundi wa mtaani hakumfundishi mtoto kumeza. Kunamtoa damu na kumletea maambukizi. "Meno ya plastiki" yanayosemwa kumwuguza mtoto hayapo, kinachong'olewa ni meno yake mwenyewe yanayochipua. Anayegeuza uso si mdekaji: huenda ana kiungulia, au anaogopa, hasa akishawahi kubanwa pua ili afungue mdomo. Na mpira wa puani wa kumlishia hauzuii mazoezi ya kumeza.

Mkija kliniki, njooni na kijiko chake, kikombe chake na chakula cha nyumbani. Na aje yule anayemlisha mchana, awe bibi au dada wa kazi.