Kabla hujakabidhi ufunguo wa fremu

Mwezi uliopita niliitwa kwenye fremu moja, chumba cha biashara cha kupanga, jirani na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Ndani palikuwa karibu patupu, zimebaki meza na rafu tu. Mwenye nyumba alikuwa amenyoosha kidole sakafuni, penye vishimo vinne vilivyochimbwa na miguu ya cherehani. Mama mpangaji, aliyeshona humo miaka sita, alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Nyuma ya rafu rangi ilikuwa imevimba kwa unyevu. Mwenye nyumba alitaka sakafu ipigwe upya na kuta zote zipakwe rangi, la sivyo amana ya miezi miwili hairudi.

"Wakili, mimi nilimpa fremu nzuri."

Nikauliza picha za siku mama alipoingia. Hakuna. Mkataba wenyewe ukurasa mmoja, umeandikwa tu kwamba ataiacha fremu "katika hali nzuri". Nzuri kwa macho ya nani?

Mkataba ukikaa kimya, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema: mpangaji arudishe jengo kama alivyolikuta. Lakini hadaiwi uchakavu wa kawaida, wala moto au mafuriko yasiyotokana na uzembe wake, wala majanga ya asili, tetemeko likiwemo. Sisi tunaokaa kwenye Bonde la Ufa tusilisahau hilo la tetemeko; ufa wa ukutani si lazima uwe deni la mpangaji. Kwa hiyo kurudisha fremu si kuirudisha ikiwa mpya, na wenye nyumba wengi hapo ndipo wanapokosea.

Vile vishimo, kwa maoni yangu, ni uchakavu. Ukimpangisha fundi cherehani, umekubali cherehani. Unyevu nao ulitoka juu: bati lilikuwa limetoboka, na mvua zetu za Novemba hadi Aprili hazisamehi. Lakini mama naye alikuwa ametoboa ukuta kupitisha waya wa pasi. Hilo ni lake, nikamwambia alizibe. Fundi alimaliza siku ile ile.

Wenye maduka ya simu na saluni huniuliza sana kuhusu rafu na vioo walivyofunga wenyewe. Kilichofungwa kwa skrubu kwa ajili ya biashara, kwa kawaida unaondoka nacho, mradi ukitoe kabla muda haujaisha na uzibe matundu. Dari la jipsamu ni habari nyingine. Ukilibomoa kwa hasira utalilipa.

Na angalieni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo, na ni kodi ya mwenye jengo. Kama umekuwa ukinunua umeme wewe, umemlipia. Idai kwenye hesabu za mwisho.

Mkishindwa kuelewana, mnaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Linaloniuma zaidi ni ufunguo. Watu wanamwachia dalali, au jirani muuza vocha, wakiamini wamehama. Miezi miwili baadaye wanadaiwa pango la fremu wasiyoikanyaga, na hawana cha kuonyesha. Mkabidhi mwenye nyumba mwenyewe, mkague pamoja, muandike tarehe, usomaji wa mita ya maji na kasoro zilizopo, msaini wote wawili.

Yule mama tulimwandikia karatasi hiyo palepale, juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, kabla vijana hawajaipakia kwenye bajaji. Amana yake ilirudi yote.