Kuchomoa plagi hakutoshi

Wengi wanaojiundia amplifaya za hedifoni za umemetuli (zinazotoa sauti kwa utando mwembamba uliochajiwa umeme) huamini kwamba plagi ikishachomolewa, hatari imekwisha. Sivyo kabisa. Hedifoni za aina ya Pro za Stax, kampuni ya Kijapani, hutumia volti 580 kuchaji utando wake, na saketi ya amplifaya nayo hubeba mamia ya volti. Kapasita, yaani vijenzi vya kuhifadhi chaji, zilizo kwenye pawasaplai (sehemu inayoipa saketi umeme) huuhifadhi umeme huo hata swichi ikizimwa; rezista (kijenzi kinachozuia mkondo) ya kuumwaga ikikatika, hukaa na chaji muda mrefu, na kiasi hicho chaweza kuua. Taa kuzimika si ushahidi. Pima kila kapasita kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) inayohimili volti hizo, mwaga chaji kupitia rezista yenye wati za kutosha, kamwe si kwa bisibisi, kisha pima tena: kapasita huweza kujirudishia volti kiasi.