Upele wa mashine kwa farasi: unatoka wapi, unazuiwaje

Mtu akikuambia farasi wake ana ngozi laini na hapatani na mashine ya kunyolea, muulize kwanza upele ulitokea lini. Ngozi iliyobadilika rangi mashine ikiwa bado mkononi ina kisa chake, mabaka ya jioni hiyo hiyo yana kisa kingine, na vipele vya siku ya tatu au ya nne ni jambo tofauti kabisa. Katika mazizi mengi ya Karen na Lang'ata, hapa Nairobi, yote huitwa upele wa mashine na hupakwa dawa moja, ile iliyopo kabatini. Ndiyo maana kwa wengine unaisha na kwa wengine unazidi.

Kwa hiyo upele wa mashine si ugonjwa mmoja. Ni jina la jumla la madhara yanayoipata ngozi ya farasi baada ya manyoya kukatwa: kuungua, kuchubuka, mzio au maambukizi. Aliyewahi kunyolewa na kinyozi mwenye mashine butu anavijua vipele vya kisogoni. Sasa fikiria kisogo chenye ukubwa wa farasi mzima, mwenye jasho, vumbi na tandiko la kubeba kesho yake.

Tuanze na kuungua, kwa kuwa ndiko kunakotokea sana na ndiko rahisi kukuzuia. Mashine ina visu viwili: kimoja kimetulia, kingine kinakwenda na kurudi juu yake kwa kasi. Msuguano huo huzaa joto, na mafuta yakikauka joto hupanda upesi. Alama yake huonekana papo hapo: michirizi yenye upana wa kisu chenyewe, hasa penye ngozi nyembamba kama nyuma ya kiwiko, ubavuni karibu na paja, na chini ya tumbo. Saisi, yaani mtunza farasi, anayeijua kazi yake hazimi mashine kwa kuangalia saa. Kila baada ya muda mfupi huweka kisu kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wake, na kikimchoma yeye, kinamchoma farasi pia. Weka matone ya mafuta ya mashine kila dakika tano hadi kumi, futa yanayozidi, na uwe na seti ya pili ya visu ili ya kwanza ipate kupoa. Dawa ya kupuliza ya kupoza visu inasaidia, ila isipofutwa hubaki kwenye ngozi, na wapo farasi wanaowashwa na hiyo hiyo.

Skrubu ya kukaza visu nayo ni ya kuangaliwa. Ikikazwa mno visu vinapata moto na mota inalemewa. Ikilegea, nywele zinang'olewa badala ya kukatwa. Betri inayokaribia kuisha huleta matokeo hayo hayo, maana kisu kinapunguza kasi. Hapo mnyoaji huanza kukandamiza mkono, na kukandamiza ndiko kunakochubua.

Chanzo cha nyuma ya haya yote ni uchafu. Udongo mwekundu wa Karen huingia hadi kwenye shina la manyoya, na chembe zake hula makali ya kisu. Kisu butu kinavuta, kinapata joto, na kinaacha mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, kisha uchafu uliosababisha butu hilo unaingia humo pamoja na bakteria. Ndipo siku mbili tatu baadaye zinatokea punje ndogo zenye maumivu kwenye mashina ya nywele, baadhi zikiwa na gaga juu. Kwa hiyo kumwosha farasi siku moja kabla ndiyo kinga kubwa kuliko dawa yoyote utakayonunua. Maji ya kwanza yatatoka mekundu. Suuza hadi yatoke meupe, kisha suuza tena, kwa sababu shampuu iliyobaki nayo inawasha. Mwezi wa Julai, jua la Nairobi likijificha siku nzima, mwoshe kabla ya saa sita mchana, la sivyo atalala na unyevu. Manyoya mabichi hayanyolewi, visu vinakwama. Na ngozi iliyokaa na unyevu siku nyingi, kama inavyokuwa wakati wa masika, ni mahali panapompendeza Dermatophilus congolensis, bakteria anayeleta magaga yanayong'oka na fungu la nywele. Farasi mwenye magaga hayo, au mwenye choa, hanyolewi mpaka apone, isipokuwa daktari wa mifugo aagize. Choa husafiri kwa visu kutoka zizi hadi zizi, kwa hiyo mashine ya kuazima isafishwe kwa dawa ya kuua kuvu kabla haijamgusa farasi wako, na isafishwe tena kabla ya kurudishwa.

Mzio hujionyesha kwa namna yake. Ndani ya saa chache yanainuka mabaka laini, shingoni na mbavuni, na ukiyabonyeza kidole kinaacha kishimo. Hapa usiilaumu mashine peke yake. Tafuta kitu kipya: mafuta mengine, shampuu nyingine, au blanketi lililofuliwa kwa sabuni ya unga yenye manukato, sasa likigusa ngozi isiyo na kizuizi. Kwa farasi anayejulikana kuwa mwepesi kudhurika, nyoa kipande kidogo shingoni, tumia bidhaa zote unazokusudia kutumia, kisha ngoja saa 24. Chagua pia kisu kinachoacha manyoya marefu kidogo. Hatang'aa sana, lakini hatajikuna.

Ukimaliza, pangusa vinywele vyote kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mkaushe, mvike blanketi safi, na usimfunge mkanda wa tandiko siku hiyo. Ngozi ya waridi chini ya manyoya meupe huungua na jua letu la mwinuko, hivyo usimwache nje adhuhuri. Jioni mrudishe bandani mapema. Usubi, wanaoeneza tauni ya farasi, hupenda machweo, na ngozi iliyonyolewa haina cha kuwazuia. Dawa ya kupe isubiri siku kadhaa. Na isiwe ile ya ng'ombe yenye amitrazi, awe amenyolewa au hajanyolewa: inaweza kusimamisha utumbo wa farasi.

Kusema kweli, wengi wa hapa hawahitaji kunyolewa mwili mzima. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na mwanga ndio unaoongoza kuota kwa manyoya, kwa hiyo wachache hufikia manyoya ya Uingereza wakati wa baridi. Shingo na kifua vinamtosha farasi anayetoka jasho kazini. Anayehitaji zaidi ni poni mzee mwenye ugonjwa wa Cushing, ule wa homoni, asiyepukutisha manyoya, na huyo ngozi yake hushikwa na maambukizi kwa urahisi.

Uvimbe ukifika usoni, au pumzi ikibana, mwite daktari mara moja. Mabaka mengine mengi hutulia yenyewe kwa siku moja mbili. Usiombe sindano ya steroidi kwa haraka: kwa poni mnene inaweza kuamsha uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato (laminitis). Kama farasi ameandikishwa kukimbia kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, mtajie daktari tarehe ya mbio kabla hajafungua mkoba, kwa sababu hata dawa za kawaida za mzio huonekana kwenye vipimo.