Kimondo hakitui kikiwa kaa la moto

Usiku usio na mwezi, mwanga ukikata anga la Lamu kuelekea Manda, barazani hakosekani wa kusema: nyota imeanguka, na huko ilikotua kumewaka. Nyota haijaanguka. Mingi ya mianga hiyo ni chembe ndogo kama mchanga, zinazoteketea kilomita 80 hivi juu yetu.

Mawe makubwa zaidi hutoka hasa kwenye ukanda wa asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Hugongana huko, na mvuto wa Mshtarii ukavisukuma baadhi ya vipande hadi njia zao zikakatana na ya Dunia.

Hilo la moto ndilo linalodanganya wengi. Jiwe huingia hewani kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Ngozi yake huyeyuka na kupeperushwa, lakini kwa sekunde chache tu. Joto halipati muda wa kupenya ndani. Kisha hewa hulipunguza kasi, mwanga huzimika likiwa bado juu sana, na kinachobaki huanguka gizani. Mawe yaliyodondoka karibu na Thika Julai 2011 yalikuwa na gamba jembamba jeusi, ndani kijivu. Paa la makuti laweza kutobolewa na jiwe kama hilo. Kuwaka, ni vigumu.