Je, wajua? Bata mwenye uso mweupe si mume wa yule wa kahawia

Kandokando ya mashamba ya mpunga ya Mwea au kwenye vinamasi vya Amboseli, nchini Kenya, bata wa mluzi huweza kukaa kundi moja wakiwa na sura mbili. Baadhi wana uso mweupe na kisogo cheusi. Wengine ni wa rangi ya mdalasini kichwa hadi tumbo. Anayewaona mara ya kwanza hukata shauri upesi: hawa madume, wale majike. Sivyo. Hizo ni spishi mbili, Dendrocygna viduata (mwenye uso mweupe) na Dendrocygna bicolor (wa kahawia), na katika kila moja dume na jike wana rangi ile ile.

Kosa hilo lina sababu. Kwa bata wengi wanaokuja kwetu wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia, dume hujipamba msimu wa kutafuta mwenzi, kisha humwachia jike mayai. Jike hulalia peke yake, kwa hiyo rangi ya majani makavu humficha. Bata wa mluzi hawana desturi hiyo: dume hushika zamu ya kulalia mayai na hulea vifaranga pia. Watazame wakipumzika ukingoni: wawili husimama bega kwa bega, wakichambuana manyoya ya shingo. Hao ndio mume na mke, na ni wa rangi moja.

Ila usiutegemee sana huo uso mweupe. Bata hawa hutumbukiza kichwa topeni wakitafuta mbegu, na weupe hugeuka rangi ya udongo. Tena makinda hawana weupe huo kabisa. Uso wao ni wa kijivu iliyofifia, na hapo ndipo wengi huwaandika kuwa wa kahawia. Ukubwa nao haukusaidii: mwenye uso mweupe ana urefu wa sentimita 38 hadi 48, wa kahawia 45 hadi 53.

Shusha macho ubavuni. Mwenye uso mweupe aliyekomaa ana mistari myembamba myeusi na myeupe, kama pundamilia. Wa kahawia ana manyoya marefu ya rangi ya maziwa, yaliyojipanga chini ya bawa lililokunjwa. Wakiruka, tazama juu ya mkia: wa kahawia ana hilali nyeupe, mwenzake ni mweusi mtupu. Miguu inayochomoza nyuma ya mkia isikushughulishe, maana wote wawili wanayo.

(Viduata ni neno la Kilatini linalohusu mjane, na ukikitazama kisogo kile utadhani ni ushungi wa msiba.)

Usiku, wakati wanaporuka kwenda kula, hubaki sikio tu. Hesabu mluzi: mwenye uso mweupe hupiga mara tatu kwa mfululizo, wa kahawia mara mbili, ya pili ikivutwa na kushuka.