Ukumbi ukijaa si hoja: dhana potofu kuhusu bodi za mipango, nyumba na makanisa Marekani

Bahasha yenyewe haina makeke. Katika jimbo la New Jersey, sheria inataka kila mwenye ardhi aliye ndani ya futi 200 kutoka kwenye kiwanja kinachoombewa ujenzi apewe taarifa angalau siku 10 kabla ya kikao cha bodi ya mipango, yaani kundi la wakazi linalopima maombi ya ujenzi mjini. Ndani ya barua mna namba ya kiwanja, jina la mwombaji na masharti anayoomba asamehewe. Wengi huitupa pamoja na matangazo ya pizza. Wachache wanaoisoma hufika ukumbini wakiwa wamechemka, na mara nyingi kilichowachemsha si kweli.

Nimekaa viti vya nyuma katika vikao hivi mara nyingi, kwanza kama jirani, baadaye kama mkalimani wa usharika mmoja wa waumini kutoka Afrika Mashariki waliokuwa wanataka kununua ghala la zamani na kuligeuza kanisa. Mambo ninayoyasikia kwenye korido ni yale yale, mwaka hadi mwaka.

Dhana: Tukijaa ukumbini, bodi itakataa.

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na inawaumiza wote wawili, anayepinga na anayeomba. Usharika wetu ulikodi basi kuleta watu 60. Majirani nao walileta wa kwao. Kila upande ulidhani idadi ndiyo kura.

Ukweli ni kwamba bodi inapopitia ramani za mradi, kazi yake iko karibu zaidi na ya hakimu kuliko ya diwani. Inapima ombi kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye sheria ya mji, kwa ushahidi uliotolewa kikaoni. Kama matumizi hayo yamesharuhusiwa pale, swali la "tunautaka au hatuutaki" halipo mezani kabisa. Yaliyopo mezani ni mengine: magari yaingie wapi na kutokea wapi, maji ya mvua yaelekee wapi, taa zimulike mpaka wapi, gari la zimamoto litageuka vipi, mapipa ya taka yakae upande gani. Bodi ikikataa, inatakiwa itoe sababu, na mwombaji anaweza kuzipeleka sababu hizo mahakamani. "Watu walikuwa wengi na walikuwa na hasira" haimridhishi jaji.

Usiku ule mzee mmoja alisimama akazungumza juu ya hadhi ya mtaa, jinsi ulivyokuwa zamani na jinsi unavyobadilika. Alipigiwa makofi. Hakuna mjumbe aliyeshika kalamu. Baada yake akaja mama mmoja mfupi, amebeba bahasha ya picha. Zilikuwa picha za ghorofa ya chini ya nyumba yake, maji yamefika kidato cha pili cha ngazi, na nyuma ya kila picha ameandika tarehe kwa kalamu ya wino. Hakusema hataki kanisa. Alisema tu: mvua ikinyesha, ile lami ya ghalani inamwagia kwangu.

Mhandisi wa bodi aliomba picha. Akazipanga mezani kwa tarehe, akakunjua karatasi ya ramani yenye mistari ya miinuko, akamwuliza mhandisi wa usharika maji ya kona ya mashariki yanaishia wapi. Kimya. Mwezi uliofuata ramani zilirudi zikiwa na bwawa la kukusanyia maji ya mvua na bomba nene zaidi. Yule mama, peke yake, alikuwa ameubadilisha mradi kuliko watu wote waliopiga makofi.

Dhana: Bodi ndiyo iliyoamua nyumba za wapangaji zijengwe hapa.

Hapana. Sheria inayogawa mji katika kanda, hapa nyumba za familia moja moja, pale ghorofa, kule viwanda, hutungwa na baraza la mji. Bodi ya mipango hushauri, huandaa mpango mkuu wa mji, kisha hupima miradi kwa sheria hiyo. Anayetaka kusamehewa masharti, kama kujenga karibu zaidi na mpaka, katika majimbo mengi huenda kwenye bodi nyingine, ile ya rufaa za kanda, ingawa miji midogo huziunganisha zote mbili.

Mamlaka ya kugawa kanda yalithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid, kando ya Cleveland, jimbo la Ohio. Kampuni ya Ambler Realty ilikuwa na ekari 68, ikadai kwamba kanda zimeipunguzia thamani ya ardhi. Ikashindwa. Katika hukumu ile ile, jengo la ghorofa la wapangaji lilifananishwa na kupe anayejishikiza kwenye mtaa mzuri wa nyumba za familia. Imepita takriban miaka 100, na ukikaa viti vya nyuma utamsikia kupe yule yule akitajwa, kwa maneno ya adabu zaidi.

Tofauti ya bodi na baraza inaonekana vizuri katika kesi ya Arlington Heights, kitongoji cha Chicago. Shirika la kitawa la Kikatoliki, Clerics of St. Viator, lilikuwa na ekari 80, likakubali ekari 15 zijengwe nyumba 190 za watu wa kipato cha chini na cha kati. Kanda iliruhusu nyumba za familia moja tu, kwa hiyo ilibidi ibadilishwe. Tume ya mipango, ambayo ndiyo bodi ya mipango ya huko, ilisikiliza watu, ikapendekeza ombi likataliwe. Lakini waliokataa hasa ni wajumbe wa halmashauri ya kijiji, yaani baraza la huko, kwa kura 6 kwa 1, mwaka 1971. Kesi ilipofika Mahakama Kuu, hukumu ya mwaka 1977 ilisema kwamba kwa mujibu wa Katiba haitoshi kuonyesha kuwa uamuzi umewaumiza zaidi watu wa rangi fulani. Lazima nia ya kubagua ithibitishwe. Dai la chini ya sheria ya makazi likarudishwa mahakama ya chini.

Kwa hiyo mwenye ugomvi na kanda aende kwa baraza siku kanda inapojadiliwa. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, ukumbi huwa mtupu.

Dhana: Ukimjua mjumbe, kamwone kwanza.

Sisi tumelelewa hivyo. Jambo kubwa haliendi barazani kabla ya wazee kuonwa, na kumwona mzee si rushwa, ni heshima. Katibu wa usharika wetu alitaka kumpelekea mwenyekiti wa bodi salamu na kumweleza shida yetu kwa upole. Wakili alikaribia kuanguka.

Mjumbe anatakiwa aamue kwa yale yaliyosemwa hadharani, pande zote zikisikia. Mazungumzo ya pembeni kuhusu ombi lililo mbele yake yanaweza kumlazimu ajitoe, na yakijulikana baadaye yanampa mpinzani hoja ya kuuvunja uamuzi mzima. Anayetakiwa kuonwa ni afisa mipango wa mji, ofisini, mchana kweupe. Huyo atakuambia ramani imepungukiwa nini, na ndiyo kazi anayolipwa.

Wajumbe wenyewe, kwa taarifa tu, kwa kawaida ni wakazi wanaojitolea: mwalimu mstaafu, fundi umeme, wakala wa nyumba. Wataalamu wanaowashauri ndio hulipwa, na katika sehemu nyingi pesa hutoka kwenye amana aliyoweka mwombaji. Watu wakisikia hivyo husema "basi wamenunuliwa". Lakini mhandisi huyo ameajiriwa na mji, anaripoti kwa mji, na ni yeye aliyezipanga zile picha mezani.

Dhana: Kanisa halizuiliki. Au: kanisa linaweza kukataliwa kwa vile halilipi kodi.

Nimezisikia zote mbili kikao kimoja, kutoka midomo tofauti.

Sheria inayozijibu zote mbili ilianzia Boerne, mji mdogo jimboni Texas. Parokia ya Mtakatifu Petro ilikuwa na kanisa la kukaa watu kama 230, na Jumapili nyingine waumini 40 hadi 60 walikosa nafasi. Wakaomba kulipanua. Mji ukakataa, kwa kuwa jengo lilikuwa kwenye eneo la kihistoria. Askofu mkuu wa San Antonio, P. F. Flores, akashtaki akitumia sheria ya uhuru wa dini ya mwaka 1993. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ikasema Bunge lilivuka mipaka yake lilipozibana serikali za majimbo na miji kwa sheria ile. Bunge likajibu kwa sheria finyu zaidi, inayojulikana kwa kifupi kama RLUIPA, iliyotiwa saini na Rais Clinton Septemba 2000. Sehemu ya kwanza inahusu matumizi ya ardhi, nyingine inahusu wafungwa.

Sheria hiyo inasema, kwa lugha nyepesi: mji usiweke mzigo mkubwa juu ya ibada bila sababu nzito sana, na hata ikiwepo sababu hiyo, utumie njia inayobana kidogo kuliko zote, usilibague dhehebu moja, usiyafungie makanisa nje ya mipaka yake yote, na usiitendee nyumba ya ibada vibaya kuliko kumbi nyingine. Yaani ukiruhusu klabu au ukumbi wa mikutano mahali fulani, ueleze kwa nini kanisa, msikiti au hekalu likataliwe hapo hapo. Suala la kodi ya majengo halimo kabisa katika vigezo vya bodi, na mjumbe anayelitaja anamwandalia wakili wa kanisa ushahidi.

Lakini RLUIPA haifuti maegesho. Kwa makanisa miji mingi huhesabu nafasi ya gari moja kwa kila viti vitatu au vinne, na kama mna mabenchi, basi benchi hupimwa kwa rula, kila inchi kadhaa zikihesabiwa mtu mmoja. Sisi hesabu ilitutosha. Kilichotutoa jasho ni swali la mjumbe mmoja, mama mpole wa miwani: "Ibada ya kwanza inaisha saa ngapi?" Mchungaji akasema saa tano. Kisha akaongeza, kwa uaminifu uliotugharimu mwezi mzima, kwamba wakati mwingine Roho akishuka hufika saa saba. Ibada ya pili ilianza saa sita kasorobo. Magari ya kwanza hayajatoka, ya pili yanaingia. Halafu likaja la mikesha na spika. Hakuna aliyetuuliza tunaamini nini. Waliuliza magari, saa na sauti, nasi hatukuwa tumejiandaa kwa lolote kati ya hayo.

Dhana: Bodi ina haki ya kujua ni watu gani watakaa kwenye hizo nyumba.

Haina. Sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968 inakataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya taifa. Jinsia iliongezwa 1974, ulemavu na familia zenye watoto 1988. Ndiyo maana hoja ya "watoto watajaa shuleni", inayosikika kama ya bajeti tu, huwafanya mawakili wa miji wakunje uso. Majimbo mengine yamekwenda mbele. New Jersey, tangu hukumu ya Mount Laurel mwaka 1975, inaidai miji itoe nafasi ya kweli kwa nyumba za kipato cha chini. Massachusetts ina sheria ya mwaka 1969, maarufu kama 40B, inayolenga miji ambayo nyumba zake za bei nafuu hazijafika asilimia 10: mjenzi huomba kibali kimoja kwa bodi ya rufaa za kanda, na bodi ya mipango hubaki kutoa maoni.

Dhana: Ardhi ya kanisa ni ya kanisa tu.

California imeandika tofauti. Sheria yake iitwayo SB 4, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, inaruhusu taasisi za dini kujenga nyumba za bei nafuu kwenye ardhi yao bila kwanza kubadilishiwa kanda, mradi watimize masharti yaliyoandikwa. Uwanja wa magari unaojaa Jumapili tu unaweza kuwa nyumba za wapangaji.

Dhana: Tukiendelea kuahirishiwa, mradi utakufa.

Saa ya sheria inakimbia. New Jersey inaipa bodi siku 45 kuamua ramani ya mradi mdogo na siku 95 kwa mkubwa, kuanzia ombi linapokamilika. Zikipita bila mwombaji kukubali kuongeza muda, mradi unahesabiwa umepitishwa.

Dhana: Kura ikipita, kesho matrekta.

Kura yetu ilipita 6 kwa 1. Waumini waliimba mpaka kwenye maegesho. Kesho yake hakukuja trekta wala koleo. Bodi hupitisha mradi pamoja na masharti, na masharti hayo huandikwa kwenye azimio. Baada yake kuna dhamana ya pesa kwa ajili ya kazi za nje, idhini ya kaunti kama barabara ni ya kaunti, kisha kibali cha ujenzi, ambacho ni ofisi nyingine na foleni nyingine. La kwetu lilikuwa na masharti 23. La 14 lilisema bwawa la maji lichimbwe na kukaguliwa kabla ya ghala kuguswa.

Siku mkaguzi alipokuja na futi yake kupima bomba, yule mama wa picha alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, kikombe cha chai mkononi, akisoma namba pamoja naye.