Sumaku haitoshi kukuchagulia baiskeli ya mtumba

Hapa Mombasa muuzaji hukuwekea sumaku kwenye fremu, ikikataa kushika anakwambia: "Hii alumini, haili kutu, chukua ufunge macho." Maneno haya tumeyasikia tangu utotoni, na nusu yake ni kweli. Alumini haitoi kutu nyekundu. Lakini inaliwa, na hewa yetu ya chumvi huichochea.

Tatizo liko pale alumini inapogusana na chuma. Unyevu wa chumvi ukiingia katikati, metali hizo mbili huwa kama betri ndogo, na anayelika ni alumini. Hutoka unga mweupe, unavimba, unabana.

Basi anza na kiti. Legeza kibano chake, zungusha kiti, kisha chomoa nguzo yote, lile bomba linalobeba kiti. Ikitoka na girisi nyeusi, vizuri. Ukiona unga mweupe kama chokaa, pitisha kidole ndani ya tundu utafute vishimo. Ikigoma kabisa, mimi singeinunua baiskeli hiyo hata kwa bei ya kutupa, maana mafundi wengi huishia kuikata nguzo kwa msumeno. Angalia pia rangi iliyovimba malengelenge karibu na boliti, na nyufa kwenye maungio.

Cheni ipime kwa rula: pini 25 mfululizo, kutoka katikati ya ya kwanza hadi ya mwisho, ni milimita 304.8 ikiwa mpya. Ikifika 308 imekwisha, na huenda meno ya gia yamekwisha nayo.

Fremu ya chuma yenye kutu ya juujuu tu, inayofutika kwa msasa, yaweza kuwa nzima kuliko hiyo alumini.